Kujitolea kwa watoto waliofanyiwa ukatili: uende kituoni, upokee simu, uingie kamati ya mtaa au ufungue mlango wa nyumba yako?

Mdogo wangu mmoja tunayekaa nae mtaa mmoja huku Mbagala alinifata wiki iliyopita analia, kisa mtoto wa jirani, sitamwelezea huyo mtoto zaidi ya hapo na sababu utaiona huko chini. Alivyomaliza kulia akaniambia dada mi nataka kujitolea, nianzie wapi. Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie, maana hilo swali nimeulizwa mara nyingi na kila mara najibu harakaharaka nimesimama, na majibu ya hivyo ndo yanapeleka watu sehemu zisizowafaa, wanakaa miezi miwili wanapotea, na anayebaki na kidonda ni mtoto ambae tayari watu wazima walishamuangusha mara moja.

Kwahiyo naweka hapa njia nne, tatu nimezipita mwenyewe na moja naijua kupitia rafiki yangu wa karibu sana. Kuna kwenda kwenye makao ya watoto au nyumba salama. Kuna kupokea simu, hii 116, namba ya msaada kwa watoto. Kuna kamati ya ulinzi ya mtaa au kata. Halafu kuna kuwa familia ya kuaminika, yani mtoto anakuja kukaa kwako wakati ustawi wa jamii wanatafuta ufumbuzi. Naongelea Tanzania zaidi maana ndo ninakoishi, ila Kenya nao nitawagusa.

Kabla hujachagua elewa kwanza haya mambo yanatokea wapi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009, waliohojiwa vijana wa miaka 13 mpaka 24, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na karibu robo tatu yao wote walishapigwa au kuumizwa mwilini, waliotajwa zaidi kwenye kupiga ni wazazi na walimu. Soma tena hapo, wazazi na walimu. Sio mtu wa porini. Ni huku huku tunakoishi, na hiyo ndo inaamua kwa kiasi kikubwa msaada wako una nguvu wapi.

Nianze na makao ya watoto kwasababu ndo watu wengi wanakokimbilia, ukimwambia mtu kujitolea picha inayomjia ni sabuni, mchele, soda, biskuti na watoto wamepanga mstari wanaimba. Mi mwenyewe nilianzia huko. Uzuri wake upo, ratiba unaijua, Jumamosi saa tatu mpaka saa nane umemaliza, kuna mama walezi na kuna afisa ustawi wa kituo, hauko peke yako na mtoto na wala hutakiwi kuwa peke yako na mtoto, na kama una ujuzi kama kufundisha hesabu, kushona, kusuka, mpira, unautumia siku hiyo hiyo. Ila kuna kitu nilichelewa kukielewa. Siku ya kwanza nimeingia getini mtoto wa miaka kama mitano akanirukia akanikumbatia hataki kuniachia, nikarudi nyumbani nasema jamani nimependwa. Baadae mama mlezi mmoja mtu mzima akanikalisha chini, akaniambia mwanangu, mtoto anayemkumbatia kila mgeni hajakupenda wewe, huyo ameshazoea watu kuja na kuondoka hajui tena wa kumshika ni nani. Nilikaa na lile neno.

Na kweli nikaja kulitenda lile lile. Nilienda miezi mitano mfululizo, kazini wakanihamisha ratiba nikaacha, sikuaga, nilisema nitaenda wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwaka. Nilivyorudi nikaambiwa kuna binti alikuwa anakaa kwenye lile jiwe la karibu na geti kila Jumamosi asubuhi, zaidi ya mwezi, mpaka akaacha mwenyewe. Sijawahi kusahau. Ndo maana nasema kituo kinamfaa mtu anayeweza kuahidi kidogo na akatimiza, hata kama ni mara moja kwa mwezi lakini mwaka mzima, kuliko anayekuja kila wiki kwa mwezi mmoja.

Kuna kitu kingine kuhusu vituo. Wenzetu Kenya wamekuja na mkakati wa kitaifa wa 2022 mpaka 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia, za kwao au za malezi, kwasababu imeonekana mtoto hakui vizuri kwenye taasisi hata ikiwa na chakula na vitanda vizuri. Na hapa kwetu sheria ya mtoto ya 2009 nayo inataka familia kwanza, kituo ni pale inaposhindikana. Kwahiyo ukienda kituoni uliza swali moja, watoto wenu wanarudi nyumbani lini na nani anashughulikia, ukiona hawana jibu wala hawapendi hilo swali, peleka nguvu zako kwingine. Ila nyumba salama zile za muda mfupi ni habari tofauti, mfano kule mkoa wa Mara msimu wa ukeketaji ukikaribia, mwezi wa 12, mabinti wanakimbia makwao, ile sehemu ya kulala usiku ule ndo inamwokoa, hapo huwezi kusema familia kwanza wakati familia ndo imeshika kisu.

Sasa simu. 116 ni bure, mitandao yote, mchana na usiku, kwetu inaendeshwa na shirika la C-Sema wakishirikiana na serikali, Kenya namba ni hiyo hiyo 116 chini ya Childline Kenya, Uganda pia 116, wao wanaiita Sauti. Wanaopokea ni washauri waliofundishwa, sio kwamba unaamka asubuhi unaenda kukaa kwenye simu. Rafiki yangu aliyefanya kazi za kupokea simu za namna hii anasema sehemu kubwa ya zamu unapokea watoto wanaojaribu kama kweli inapokelewa, wengine wanacheka wanakata, wengine wananyamaza tu unasikia pumzi, na kosa la mtu mgeni ni kukasirika au kuwahi kukata, kumbe yule anayenyamaza leo ndo anayepiga kesho kutwa na kuongea. Tofauti kubwa na kituoni ni kwamba hapa humuoni mtoto, humpi hata pipi, na mara nyingi hutajua iliishaje, umesikia, umeandika, umempa afisa ustawi wa wilaya ile, basi, simu nyingine inaita. Kuna watu hilo linawaua, wanataka kujua mwisho. Kama wewe ni wa namna hiyo usiende kwenye simu. Lakini kama ni mtu wa kusikiliza bila kudakia, sauti yako imetulia, na unaweza kusema sentensi kama "nakuamini, na sio kosa lako" ukaishia hapo bila kuongeza mahubiri, basi hapo unafaa kweli kweli.

Niende kwenye kamati maana hapa ndo nina mengi na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, uliweka kamati kuanzia taifa, mkoa, halmashauri, kata mpaka kijiji na mtaa. Ndani wanakaa mtendaji, maafisa wa ustawi na maendeleo ya jamii, polisi kata, walimu, viongozi wa dini, na wananchi wa kawaida wanaokubalika. Sehemu nyingine imelala, sitaki nikudanganye, ipo kwenye karatasi tu na kikao cha mwisho hakuna anayekikumbuka. Ila palipo na watu wanne watano wenye nia, kamati inafanya kitu ambacho kituo hakiwezi na simu haiwezi, inakuwepo kabla, wakati na baada, kwenye mtaa uleule mtoto anaoishi.

Kwanini nasema hivyo. Kesi za watoto huku kwetu hazifi kwasababu sheria haipo. Zinafia kwenye kuyamaliza. Mtuhumiwa ni ndugu, au ni mwenye nyumba, au ndo anayelipa ada, wazee wanakaa sebuleni, inatoka laki tatu, inatoka mbuzi, mama anaambiwa unataka kuvunja ukoo, na mtoto yupo chumba cha pili anasikia bei yake. Baada ya hapo shahidi anahamishiwa mkoani kwa bibi, kesi ikiitwa hayupo, ikiitwa tena hayupo, inafutwa. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Na nimeona kinachozuia, ni kitu kidogo mpaka unashangaa, nauli. Kuna mama tulimsindikiza, kesi iliahirishwa mara sita, kila ikiahirishwa yeye amepoteza siku ya kuuza vitumbua na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, mara ya nne akasema dada zangu mi siwezi tena, sio kwamba nimesamehe, sina hela. Tukachanga, elfu mbili mbili, na mzee mmoja wa msikitini akajitolea kuwa anakaa nae kwenye benchi pale nje kila tarehe ili ndugu wa upande wa pili wasimfate kumsemesha. Mara ya saba mtoto akasikilizwa.

Hiyo ni kazi ya kujitolea ambayo haina picha na haina tisheti. Na ni kazi inayotaka ujue vitu vichache kwa uhakika, kwasababu ukikosea unaharibu. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono usimwogeshe na usifue nguo zake, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha, sio mfuko wa plastiki, nenda nae hospitali mapema iwezekanavyo maana dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora zaidi. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, huko ndo mnapata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na baadhi ya hospitali kuna vituo vya mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wanamkuta mtoto sehemu moja asirudie kusimulia mara tano. Na wewe uliyejitolea usimhoji. Hii naisisitiza. Usimuulize "ni baba mdogo eh, alikushika hapa eh", sheria yetu inaruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi tu kusema kweli, na ushahidi wake peke yake mahakama ikiuamini unaweza kutosha kumtia mtu hatiani kwenye makosa haya, sasa wakili wa upande wa pili anachotafuta ni kimoja tu, aonyeshe kwamba mtoto alifundishwa. Maswali yako ya huruma ndo yanampa hicho anachotafuta. Msikilize alichosema, andika kwa maneno yake yeye mwenyewe hata kama ni ya kitoto, weka tarehe, peleka panapohusika. Na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utamwambia, lazima, sheria ya mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa atoe taarifa serikali ya eneo lake.

Ubaya wa kamati ni huu, unaishi nao. Kituoni ukitoka geti umetoka, ila kwenye kamati mtuhumiwa mnakutana dukani, dada yake ndo anayekusuka, watoto wenu wanasoma shule moja. Utasemwa. Kuna kipindi majirani wawili hawakunisalimia mwaka mzima. Na mtaa hauna siri, kwahiyo ukishindwa kufunga mdomo wewe ndo utakuwa wa kwanza kumuumiza mtoto, ukisema tu "yule wa darasa fulani nyumba ya bluu" mtaa mzima umeshajua na mtoto keshapewa jina shuleni. Ndo maana hapo juu sijamwelezea yule mtoto wa jirani. Kama unajijua habari ikikaa tumboni siku mbili unaumwa, nenda kafundishe hesabu kituoni, nasema hili kwa upendo kabisa.

Ukija familia ya kuaminika, hapa ni tofauti na zote tatu kwasababu humpi mtoto masaa, unampa nyumba. Watu wanachanganya sana, wacha niweke sawa. Familia ya kuaminika inampokea mtoto kwa dharura, siku kadhaa au wiki, wakati uchunguzi unaendelea. Malezi ya kambo ni ya muda mrefu zaidi, mtoto anakaa kwako chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii ila hajawa wako kisheria. Kuasili ni moja kwa moja, na hiyo inatolewa na Mahakama Kuu. Ukitaka kusaidia watoto walioumizwa usianze kwa kuwaza kuasili, wengi wao wana mama, wana bibi, wana shangazi anayewataka, kinachohitajika ni sehemu salama ya kulala usiku huu.

Afisa ustawi atakuja kwako, ataangalia wanaoishi hapo ni kina nani, wanalala wapi, ataongea na mwenza wako na watoto wako, mtafundishwa. Kisha siku moja saa nne usiku simu inaita. Mtoto anafika na sare ya shule aliyovaa toka asubuhi, hana hata kandambili, na hutaambiwa kila kitu na hutakiwi kudai kuambiwa. Atakojoa kitandani hata kama ana miaka kumi. Anaweza kuficha chakula chini ya godoro. Anaweza asilale taa ikizimwa, au asitake mume wako apite karibu yake, na mume wako inabidi awe mtu wa kuelewa hilo bila kujisikia ametukanwa. Kwangu hapo ndo tulijifunza zaidi, baba watoto alikuwa anakohoa kabla ya kuingia sebuleni ili mtoto ajue anakuja, hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Yule mtoto alikaa siku kumi na tisa. Alivyoondoka kwenda kwa bibi yake mwanangu wa mwisho alilia wiki nzima, hilo nalo lihesabu, watoto wako nao wanajitolea hata kama hawakujaza fomu.

Nikiziweka bega kwa bega kwa hela, kamati inakula nauli na vocha kidogo kidogo mpaka ukija kujumlisha ni nyingi, kituo ni nauli yako tu na usijisikie vibaya kwenda mikono mitupu, familia ya kuaminika inakula chakula, sabuni, dawa, na usiingie ukitegemea kurudishiwa, simu kwa upande wa gharama ndo nyepesi. Kwa moyo, simu inakuchosha mara moja unalala, kituo kinakuchosha polepole, kamati inakukasirisha, na mtoto wa nyumbani kwako anaingia kwenye maombi yako na hatoki.

Kama na wewe mwenyewe ulipitia haya ukiwa mdogo, unakaribishwa, wengi wa wanaodumu ni nyinyi. Ila ongea na mshauri kwanza, na usianze na simu wala kusindikiza mahakamani, maana kuna siku mtoto atasimulia kitu na utasikia ni wewe unasimuliwa, na siku hiyo yeye anahitaji mtu mzima aliyesimama. Anzia kwenye kamati kazi za nje nje, elimu mashuleni, au kituoni kwenye kikundi.

Ndugu zetu mlioko nje, Muscat, Minneapolis, London, mnaouliza mchangie nini, acheni kutuma viatu. Tafuteni kikundi mnachokifahamu mtume kidogo kila mwezi kwa ajili ya nauli ya mashahidi na posho ya mshauri wa watoto. Hakuna anayependa kuchangia nauli, na ndo inayokosekana.

Na popote utakapokwenda angalia wanavyokupokea. Wakikuuliza kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili, wakakuuliza kwanini unataka kuwa karibu na watoto, wakakupa kanuni za kusaini, usikasirike, hao wanajua wanachofanya. Ukifika asubuhi na mchana umeshaachiwa chumba na watoto mlango umefungwa, ondoka, na utoe taarifa, kwasababu kama wewe umeingia kirahisi hivyo na yule mwenye nia mbaya ameingia hivyohivyo, na watu wa namna hiyo wanatafuta sehemu kama hizo makusudi.

Mdogo wangu nimemsomea yote haya jana jioni. Alikuwa anawaza kituo, ila ana mtoto wa miezi nane mgongoni na anauza duka mchana, Jumamosi kwake ndo siku ya mauzo. Nikamuuliza hapo dukani kwako kwa siku unaona watoto wangapi, akafikiri, akasema wote, wote wa mtaa huu wanapita, najua hata nani siku hizi hanunui tena barafu na nani anakuja kukaa tu hataki kurudi kwao. Tukaangaliana. Jumatatu tunaenda wote kwa afisa ustawi wa kata, nimemwambia abebe kitambulisho cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mtoto wake aje nae tu.